Mkono wa Jirani

Nakuru
2 Desemba 2007

Mpendwa Kavita,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimefunga mlango wa ofisi ya duka lenu la sare, maana kaka yako Bhavik alikuwa nje akigombana na mzazi mmoja kuhusu suruali za shule zilizorudi kabla hata hazijafuliwa, na sikutaka aingie anikute nacheka peke yangu mbele ya kompyuta yake.

Kwa hivyo umeolewa, umepelekwa Leicester, baridi imekushinda, na badala ya kujifunza kupika kama mama yako alivyokuwa akikuombea, umefungua tovuti. Baraza la Nakuru! Eti watu wetu walioko ng'ambo wakutane hapo waulizane habari za nyumbani. Na anayetakiwa kuwapelekea hizo habari ni mimi, kwa sababu tulikaa dawati moja miaka yote ile na unajua mdomo wangu haujui kupumzika. Sawa. Nitaandika. Nitawaambia maji yamekatika wapi, sukari imefika wapi, nani amepaka duka lake rangi ya kutisha, na hii mikutano ya kampeni inayofunga barabara kila siku ya Mungu.

Lakini nina sharti. Jina langu usiliandike. Unajua jina ni nini hapa kwetu mwaka wa kura. Ukiandika Nasimiyu, msomaji hataiona tena sukari. Ataona mtu wa magharibi, mtoto wa mfanyakazi wa reli, na papo hapo ataamua kama sukari imepanda kweli au nimeipandisha mimi. Niite Jirani. Jirani hana kabila, ana ukuta tu mnaogawana.

Jirani wangu mwenyewe, Wariara, anakusalimu. Unamkumbuka, Mama Hiram, yule anayefuma vitambaa vya makochi hata akiwa kanisani. Nilinunua TV mwezi uliopita. Alipoingia akaiona, akashika mdomo: "Nasimiyu, na TV inakaa uchi hivyo, wageni wakikuja?" Akapotea siku kadhaa, kisha akaniletea kitambaa kikubwa cheupe, katikati nanasi, na pembeni kote ndege wa ziwa wenye shingo za kupinda. Hataki hata asante. Wanawake wote wa chama chetu wamekuja kukitazama, na wawili wamenuna kwa sababu wao walifumiwa maua tu.

Salimia Varun. Mwambie nilikuwa wa kwanza kukujua, yeye ni wa juzi.

Wako,
Nasimiyu Sitati


Leicester
6 Desemba 2007

Nasimiyu wangu,

Jirani! Limenipendeza sana. Nimeliweka tayari, na ile taarifa yako ya rangi ya duka imewachekesha watu kutoka Toronto hadi Perth.

Sasa tuwe makini kidogo. Nawe unajua mimi na makini. Kuanzia leo tusiandikiane majina kamili. Wewe saini N., mimi K. Barua zangu ukishazisoma zifute. Na tovuti yenyewe usiifungue kwenye kompyuta ya dukani, maana kompyuta hukumbuka ilikotembea na Bhavik ni mdadisi. Wewe niandikie tu, mimi nitabandika huko. Watu wakisema neno la maana nitakuletea.

Mimi pia sijaweka jina. Huko naitwa Mwenye Baraza. Hakuna anayejua kama ni mwanamume au mwanamke, Mhindi au nani. Wengi wananiita mzee! Varun anacheka. Anasema hiyo ndiyo mara ya kwanza mtu ananiheshimu.

Usichoke kuandika. Huku dirishani naona matofali tu.

K.


Nakuru
3 Januari 2008

K.,

Nimepata nafasi leo kwa sababu Bhavik amefungua duka nusu mlango. Matokeo ya kura umeyasikia. Huku hayakusikika tu, yalitembea.

Kwa Jirani andika hivi: mkate ni wa kupigania, simu hazina salio popote, na watu wasipite barabara ya kichinjio. Iandike kwa herufi kubwa. Vijana wameweka mawe pale kwenye kona, wanasimamisha watu na kuitisha vitambulisho. Wanasoma jina kwanza, ndiyo waamue kama utapita. Si vijana wa kutoka mbali, K. Ni wa mtaani kwetu. Mmoja nilimfunga viatu akienda shule. Ni Hiram, mwana wa Wariara. Hilo usiandike.

Wanasema wao wanalinda tu, kwa sababu watu wa kwao wamefukuzwa kule juu kwenye mashamba. Na ni kweli wamefukuzwa, nimeona malori yakifika na vitanda na mbuzi na wazee waliokaa juu ya magodoro. Hilo nalo liandike. Jirani asiwe wa kuona upande mmoja.

Wao ndio wengi mtaani kwetu, na mimi unanijua ni nani. Wariara ameniambia nisiwe na wasiwasi: "Wewe ni wetu, nani atakuguza?" Ameniambia mara nyingi mno. Mtu akikuambia usiogope asubuhi na jioni, unaanza kuogopa.

N.


Leicester
12 Januari 2008

N. wangu,

Silali, nakufikiria. Lakini ujue unafanya kazi kubwa. Mama mmoja aliye Boston amesema alimpigia mumewe simu, akampitisha njia nyingine kwa sababu ya Jirani. Wanakuombea kwa dini zote.

Kuna mmoja tu ananikera. Anajiita Mzee wa Dallas. Anasema Jirani hayupo. Eti Mwenye Baraza ameketi Ulaya na kikombe cha chai anatunga vitisho, na kama Jirani ni mtu wa kweli ajithibitishe mbele ya watu. Nimemjibu kwamba Jirani hana deni la kujieleza kwa mtu yeyote. Nimejibu vizuri sana, ungeona. Lakini baadhi ya watu wameanza kumsikiliza.

Usijali. Ni maneno ya mtandaoni.

K.


Nakuru
29 Januari 2008

K.,

Umeniambia nisijali. Masinde amekufa.

Humjui. Alikuwa akiuza mkate kwa baiskeli, kila asubuhi akipita dukani kwetu anaacha mkate wa Bhavik na neno la kuchekesha. Siku ile mji ulipowaka alikuwa nyumbani, salama, mlango umefungwa. Kaka yake yuko huko Marekani. Mkewe, Nabalayo, ameniambia kwa kinywa chake, ameketi sakafuni, hana hata chozi. Kaka alipiga simu, Masinde akamwambia anataka kumfuata mtoto kwa bibi yake lakini amesikia barabara ya kichinjio ni mbaya. Kaka akacheka. Akamwambia, "Hiyo ni stori ya Jirani. Jirani ni feki, tumeshasema hivyo huku, ni mtu anatunga. Pita tu."

Akapita. Walimsomea jina kwenye kitambulisho.

Mimi nilikuwa nimeandika, K. Kwa herufi kubwa. Nilikuwa nimesema njia hiyo, kona hiyo, na mtu akafa pale pale kwa sababu mwanamume mmoja aliyeshiba huko Dallas, ambaye hata yeye hana jina, ameamua mimi si mtu. Nilifikiri nikificha jina watanisikia vizuri zaidi. Kumbe mtu asiye na jina ni upepo.

Niulizie huyo mzee wako anataka nini hasa ili aamini. Akitaka jina simpi, nitalala wapi? Lakini kama kuna kitu kingine chochote, nitafanya. Kesho bado kuna watu wa kupita barabara ile.

N.


Leicester
30 Januari 2008

N. wangu, pole. Pole sana. Nimelia jikoni mpaka Varun akazima jiko.

Nimemuuliza, mbele ya watu wote, na amejibu. Anataka picha ya mkono wa Jirani umeshika gazeti la siku hiyo, lililouzwa Nakuru. Hataki uso wala jina. Mkono na gazeti tu, ndipo ataamini kwamba kuna mtu wa kweli hapo. Nimefikiria, naona ni jambo linalowezekana.

Sasa nisikilize kama tulivyokuwa kwenye maabara ya shule. Vua pete. Vaa mikono mirefu isiyo na alama. Usipige karibu na dirisha, usionyeshe ukuta, picha, kalenda, kikombe, kitu chochote ambacho mtu anaweza kukitambua. Funika nyuma yote kwa kitu ambacho kila nyumba Nakuru inacho. Nitumie mimi, nitaikagua kabla ya kuibandika.

Una mkono thabiti, siku zote ulikuwa nao.

K.


Nakuru
4 Februari 2008

K.,

Picha hiyo hapo. Gazeti limenisumbua kuliko vita. Muuzaji alikuwa na nakala chache, na askari mmoja alikuwa ameshika moja anaisoma bure. Nimetumia ile simu ya zamani ya Bhavik yenye kamera.

Maagizo yako nimeyafuata yote, mwalimu. Pete nimevua na sabuni. Nimeshusha kalenda ya kanisa. Nimemshusha baba pia, na kofia yake ya reli, nikamgeuza aangalie ukuta, nikamwomba radhi. Nyuma nikabaki na ukuta mtupu wa rangi ya kijani, nikaona huo nao mtu anaweza kuutambua. Ndipo nikatoa kitambaa cha TV, nikakitundika kwenye misumari miwili, kikafunika kila kitu. Ulisema kitu ambacho kila nyumba inacho. Nionyeshe nyumba Nakuru isiyo na kitambaa cha kufuma nami nitakuonyesha nyumba isiyo na mwanamke.

Nilipotazama ile picha nilijionea huruma. Eti huyu ndiye mimi. Vidole vitano na habari za jana.

Mwambie Mzee wa Dallas kwamba hii ndiyo mara ya mwisho mtu kuniuliza kama nipo.

N.


Leicester
6 Februari 2008

N.!

Tumeshinda! Ameomba msamaha mbele ya watu wote. Ameandika, "Jirani, mkono wako nimeuona, nisamehe." Wengine wanasema wamelia wakiona ule mkono. Wanasema ni mkono wa mama yao.

Niliikagua picha kwa makini, mimi na Varun, tukaikuza hadi mwisho. Hakuna kitu. Ni mkono, gazeti na kitambaa. Kinapendeza kweli hicho kitambaa. Mama yangu angekuonea wivu.

Picha sasa inatumwa kila mahali. Watu wanaipeleka kwa ndugu zao waliobaki nyumbani ili nao wajue Jirani ni wa kweli na wamsikilize. Mama wa Boston anasema mumewe ameipokea huko huko Nakuru. Hebu fikiria, imezunguka dunia ikarudi kwenu!

Leta habari nyingine. Sasa kila neno lako litasikika.

K.


Leicester
15 Februari 2008

N.,

Mbona kimya? Watu wanamuuliza Jirani. Nimewaambia umeme unasumbua.

K.


Leicester
23 Februari 2008

N., Bhavik anasema hujafika kazini tangu juma lililopita na simu yako haiingii. Nilimuuliza juu juu tu, asije akashtuka. Niandikie neno moja. Hata nukta.

K.


Nakuru, uwanja wa maonyesho
3 Machi 2008

K.,

Nakuandikia kwa mkono, kwenye karatasi niliyopewa na mtawa anayegawa uji hapa kambini. Kaka yako hajui niko wapi na usimwambie bado. Barua hii ataiposti yeye mtawa.

Nyumba imechomwa. TV, kitanda, cherehani, baba na kofia yake. Mimi ni mzima. Nilitolewa na mpangaji wa nyuma, Cheptanui, aliyenivuta kupitia choo chao na kunifunika gunia la makaa. Mkono wa kulia umeungua kidogo, ndiyo maana herufi zinalewa. Ule ule wa kwenye picha.

Utataka kujua walijuaje. Mimi pia nilitaka. Jana aliyenieleza alikuja mwenyewe, akasimama getini mpaka nikaitwa. Ni Wariara.

Hiram alikuwa akimtafuta Jirani tangu niandike habari za kichinjio. Binamu yake aliye ng'ambo akamtumia ile picha, akaichapisha kwenye saiba, kule kwa kompyuta za kukodi, wakawa wanapokezana kwenye kibanda cha kinyozi, kila mtu akiukagua mkono. Mkono haukuwaambia kitu. Mikono ya wanawake wa Nakuru yote imefua nguo. Halafu akaenda nayo nyumbani kula, akaiacha mezani kando ya sahani.

Wariara hajui kompyuta wala baraza wala Jirani ni nani. Aliona karatasi, akavaa miwani. Aliniambia alichosema, na alikisema tena vile vile pale getini, huku akilia: "Ngai! Hii ni kitambaa yangu! Angalia hizo ndege, hakuna mtu mwingine anaweza toa shingo hivyo. Hiram, kazi yangu imeingia gazeti!"

Alifurahi, K. Alidhani ameonekana. Amefuma tangu msichana na hakuna mtu amewahi kumpigia picha hata kitambaa kimoja.

Hiram akamuuliza polepole, "Na hii ulishonea nani, mathe?"

Akamwambia. Kwa nini asimwambie? Alimwambia na akamwongezea na chapati.

Aliniletea kitambaa chenyewe. Vijana walitoa vitu kabla ya kuwasha moto, na TV ilikwenda upande mmoja, kitambaa upande mwingine. Akakiokota barabarani. Amekifua, amekipiga pasi, amekikunja kwenye gazeti. Upande mmoja umeshika moto, ndege wawili hawana vichwa. Alisema hakuthubutu kuurekebisha. Nilimkumbatia kwa sababu alikuwa anaanguka, na nilimchukia wakati huo huo, na bado nimemkumbatia.

Kesho kuna malori ya kwenda magharibi. Nimeandikishwa Webuye, kwa watu wa baba. Nimewahi kufika huko mara moja, kwenye matanga.

N.


Leicester
21 Machi 2008

Mpendwa N.,

Barua imefika. Najilaumu. Niliikuza ile picha hadi mwisho na sikuona kitu. Nani angejua kwamba kuna watu wanaosoma ndege wa kitambaa kama mwandiko? Hata wewe hukujua, nawe umeishi nao. Varun anasema hili si kosa la mtu.

Watu wa Baraza wanataka kujua Jirani yuko wapi. Wanataka kumsifu. Kuna anayesema sasa umeshatoka Nakuru hakuna hatari, tuweke jina lako na sura yako, uwe shujaa wetu. Nimewaambia nitakuuliza.

Lakini N., kuna jambo, na usinikasirikie. Tangu ukae kimya, watu wawili wameniandikia wakijiita Jirani, mmoja akitaka atumiwe msaada. Na barua yako imekuja kwa karatasi, kwa mwandiko uliopinda, bila jina, kutoka mahali ambapo kila mtu ana hadithi. Naamini ni wewe. Moyo wangu unajua. Ila kabla sijasema lolote hadharani lazima nihakikishe, kwa usalama wako mwenyewe. Niambie kitu kimoja tu ambacho mimi na wewe peke yetu tunakijua. Chochote. Jina la mwalimu, au kitu cha dawati letu.

Nisamehe. Ndivyo mambo haya yanavyofanywa.

K.


Webuye
19 Aprili 2008

Kavita,

Nimekaa na barua yako kwa muda mrefu. Shangazi alidhani ni ya msiba.

Nikuambie kwanza ninavyoishi. Huku naitwa mtu wa Nakuru. Kibukusu changu kinawachekesha watoto. Kitambulisho kiliungua na kila kitu, nikaenda kwa chifu kuomba kingine, akaniuliza nitamletea nani wa kunithibitisha kwamba mimi ni Nasimiyu wa Sitati, maana yeye hajawahi kuniona. Kule nilichomewa kwa sababu ya kuwa Nasimiyu. Huku hawaamini kama ni yeye. Nilipotoka kwa chifu nikapitia posta, nikakuta barua yako, na wewe pia unaniuliza.

Siku hiyo niliingia saiba ya hapa. Sina tena kompyuta ya Bhavik ya kulinda, kwa hivyo nilifungua Baraza lako kwa mara ya kwanza. Nililisoma lote. Ni zuri. Umenipamba sana. Nikafika mwezi wa kwanza, tarehe thelathini, kwenye jibu la Mzee wa Dallas.

Unataka kitu ambacho mimi na wewe peke yetu tunakijua. Ninacho.

Mzee wa Dallas alitoa njia mbili. Aliandika hivi, nimenakili: "Jirani atupe picha ya mkono wake na gazeti la leo. Ama Mwenye Baraza atupe jina lake kamili, aseme namjua huyu mtu, namdhamini, na sisi tutaliamini neno lake." Hayo watu wote wa Baraza wameyasoma, kutoka Toronto hadi Perth. Ila kwamba mimi uliniambia njia moja tu, hilo hawalijui. Tunalijua mimi na wewe. Je, inatosha? Ni mimi?

Ungesema jina tu. Ungeandika: mimi Kavita, niliyezaliwa na kulelewa Nakuru, namjua Jirani tangu tukiwa watoto, yupo. Maneno yasiyojaza hata kiganja. Nami ningebaki na nyumba yangu na baba yangu ukutani.

Najua utakalosema. Utasema jina lako lingewapeleka dukani kwa Bhavik, na dukani nipo mimi. Ni kweli. Lakini duka lina geti la chuma, Kavita, na mlinzi mwenye rungu, na bima. Nyumba yangu ilikuwa na kufuli moja. Ulipima hatari mbili, duka lenu na mkono wangu, ukachagua, na hata hukuniambia kulikuwa na kuchagua. Pengine ningekubali. Hilo ndilo linaloniuma. Ungeniuliza, pengine ningesema, acha duka, nitatoa mkono. Nilikupenda kiasi hicho.

Wariara alinisaliti kwa kujivunia kazi yake. Wewe ulinisaliti kwa tahadhari. Yeye alikuja mpaka getini.

Jina langu usiliweke. Ushujaa huo sitaki, na kule nyuma bado yuko Cheptanui, na Nabalayo na watoto wake. Jirani amehama, waambie hivyo. Lakini lako liweke. Si kwa ajili ya Dallas sasa, ni kwa ajili ya kaka yake Masinde, ambaye kila siku anaandika humo kuuliza kama Jirani alikuwa mtu wa kweli au la, na nimeona hakuna anayemjibu. Yeye ndiye aliyemwambia ndugu yake apite. Picha anasema inaweza kuwa ya mkono wowote. Anahitaji mtu mmoja mwenye jina amwambie ukweli, hata kama utamvunja, kwa sababu kutojua kumeshamvunja.

Ndani ya kifurushi hiki kuna kitambaa. Sina TV ya kukiweka. Kitundike nyuma yako, ushike gazeti la siku, na uonyeshe uso. Kisha uandike jina chini.

Nitafungua Baraza siku za soko. Nikiliona jina lako nitajua nilikuwa na rafiki. Nisipoliona pia nitajua.

Nasimiyu Sitati


Leicester
27 Mei 2008

Mpendwa N.,

Kifurushi kimefika salama, asante sana. Watu wa forodha walikifungua lakini hawakuchukua kitu. Ni kizuri mno, hata kilivyoungua. Nimekikunja ndani ya mfuko wa plastiki, kabatini juu, ili kisichafuke.

Nimesoma uliyoandika yote. Nimelia. Siku nyingine nitakujibu vizuri, kwa kirefu, kwa sasa maneno hayaji. Varun anasema tungoje kwanza mambo yatulie, na Bhavik ndiyo tu ameanza kupata wateja tena. Ameajiri msichana mwingine, mpole, anaitwa Fancy. Bado hajui pa kuweka risiti, kila siku anauliza wewe ulikuwa ukiziweka wapi.

Baraza nimelifunga kwa muda. Yule kaka wa Marekani alikuwa anaandika mno.

Jitunze. Mkono umepona?

K.